Neno la Katikati

Aliingia Jumamosi moja ya masika nikiwa nafuta ubao. Mbele palikuwa na nafasi, lakini alichukua stuli akaiweka mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu vimefutwa tope kwa uangalifu. Mkononi hakuwa na daftari wala kalamu.

"Mwalimu, sitaki Kiingereza chote," alisema. "Nataka kile kipande tu cha mtu kumtaka mwenzake afanye jambo."

Watu wazima wanaokuja kwangu Jumamosi wana shida zinazofanana. Wanataka kujieleza kwenye usaili wa kazi, kupokea simu ya mzungu bila kutetemeka, kusoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa ya mifugo. Sikuwahi kumpata mtu aliyekuja anajua kipande anachokitaka. Nilimkaribisha, ila nilipogeukia ubao nilihisi macho yake yananipita mgongoni yakienda kwa mwingine.

Mimi ni mzaliwa wa Makere, upande wa Kasulu, na nafundisha sekondari hapa Kibondo. Darasa la Jumamosi ni langu binafsi. Tunasomea stoo ya mama mmoja mwenye duka, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani akifuata biashara ya chumvi, akaoa huku, akazikwa huku. Tunakaa kati ya magunia ya maharage na katoni za sabuni. Mwenye duka hasomi, lakini husikiliza kila neno kupitia dirisha dogo la kuingizia mizigo.

Siku ile, watu walipotawanyika, aliniita dirishani.

"Mwalimu, yule si mwanafunzi."

"Ni nani basi?"

"Sijui. Lakini amenisalimia 'mwiriwe'. Umesikia? 'Mwiriwe', siyo 'mwidiwe'."

Mtu wa mbali hataona uzito wa maneno hayo. Sisi Waha tunapotamka d, Warundi hutamka r, na kwetu herufi hiyo moja inatosha kumfanya mtu ageuziwe shingo. Nimekulia katika mashaka hayo. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa nilikuwa bado shuleni, na kwa muda mrefu baadaye kila sura mpya barabarani iliulizwa babu yake ni nani, kaburi lake liko wapi, mtendaji wa kijiji chake anaitwaje. Mimi mwenyewe, pamoja na kitambulisho changu cha ualimu, niliwahi kuteremshwa kwenye gari njiani nikaambiwa niongee Kiha wasikie kinavyotoka. Niliongea. Yule aliyenisikiliza alitokea mkoa mwingine kabisa na Kiha hakijui, lakini alitikisa kichwa kama fundi anayegonga nazi kusikia kama imeiva.

Kwa hiyo naijua aibu ya kushukiwa. Hata hivyo nilimshuku.

Wiki iliyofuata nilifundisha kipande alichokitaka. Niliandika ubaoni "I want to go", nataka kwenda. Chini yake nikaandika "I want him to go", nataka aende. Nikawaeleza kwamba Kiswahili chetu, kama Kiha, humficha mtendaji ndani ya kitenzi: aende, niende, waende. Herufi moja mbili tu, na kila mtu anajua nani anafunga mzigo. Kiingereza hakina mahali pa kumficha, kwa hiyo humsimamisha nje, wazi, katikati ya "want" na "to": "me", "him", "her", "them". Ukimsahau pale katikati, anapotea.

Mwanafunzi wangu bora wakati ule alikuwa dada mmoja wa hapahapa Kibondo, mkalimani katika kambi ya wakimbizi. Watumishi wa shirika walipowahoji wakimbizi, yeye ndiye aliyeyageuza maneno yao kutoka Kirundi kwenda Kiingereza. Alikaa mbele daima. Kiingereza chake kilikwenda mbio na kwa ujasiri, na wenzake walimhusudu. Nilimwomba atafsiri, "Baba anataka nioe."

"My father wants to marry," alijibu hapohapo.

Darasa lilicheka, kwa sababu sasa baba ndiye aliyekuwa anatafuta mke. Yeye pia alicheka, akajifunika uso kwa kitenge. Mtu wa mlangoni hakucheka. Alisimama.

"Mwalimu, samahani. Mtu akilisahau hilo neno la katikati, anayesikiliza atajuaje kwamba limesahauliwa?"

Nilifikiri kidogo. "Hatajua," nilisema. "Sentensi haivunjiki. Inabaki Kiingereza kizuri tu. Wanaobadilika ni watu waliomo ndani."

"Hatajua," alirudia polepole, akaketi. Na sasa niliona waziwazi aliyekuwa akimtazama. Alikuwa akimtazama mkalimani.

Tangu hapo sikuwa na amani na darasa lile. Alikuja kila Jumamosi, alikaa palepale mlangoni, hakuandika kitu. Siku moja aliuliza "kwangu" husemwaje. Nikafundisha: "It is hard to wait" ni kusema kwamba kungoja ni kugumu, kwa yeyote. "It is hard for me to wait" ni kugumu kwangu mimi. Midomo yake ilicheza akirudia kimyakimya, "for me, for me", huku macho yameganda kwenye kisogo cha yule dada. Niliwaza mengi. Labda ni mume aliyeachwa. Labda ni mtu wa usalama aliyetumwa kuwapima wakalimani. Labda mwenye duka amesema kweli, ni mtu asiye na karatasi anayetafuta njia.

Mkalimani naye aliona. Jumamosi moja alibaki nyuma akijifanya anasaidia kupanga stuli.

"Mwalimu, yule baba ananiogopesha. Juzi nimemwona kwenye geti la kambi. Alinitazama mpaka nikapita. Hakusalimu."

"Unamfahamu?"

"Simfahamu. Lakini nadhani ametumwa na ofisi kunichunguza. Au ametumwa na watu wabaya zaidi. Nakuomba umwondoe."

Sikumwondoa, maana sikuwa na sababu ya kumwambia usoni. Nilisema nitafikiri. Usiku nililala vibaya, na kesho yake kanisani niligeuka nyuma mara kwa mara kutazama walioingia.

Mwezi huohuo nilikwenda Kasulu kusahihisha mitihani ya mkoa. Mchana mmoja nilitoka kwenda kununua dagaa, na nilipokata kona karibu na hospitali nikamwona. Alikuwa amesimama chini ya upenu wa duka la dawa pamoja na bibi mmoja aliyefungwa bandeji kwenye jicho. Walikuwa wakizungumza, lakini yeye alikuwa amemgeuzia bibi bega, uso ukielekea ukutani. Alikuwa anasema na ukuta, na bibi anajibu ardhi. Walizungumza Kirundi. Nilijibanza nyuma ya bodaboda zilizokuwa zimeegeshwa, nikasikiliza. Nilisikia neno moja tu lililonishtua, "mwalimu".

Alipogeuka tulitazamana. Nilidhani atakimbia, lakini alimwonesha bibi benchi, akanijia moja kwa moja.

"Mwalimu, umenifuata?"

"Wewe ndiye umenifuata, mimi nipo kazini."

Tulisimama hivyo, kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme uongo wa kwanza. Kisha akasema, "Karibu chai. Hapa watu wanatutazama."

Tuliingia mgahawa wa jirani, tukakaa mahali ambapo angeweza kumwona bibi. Alinieleza kwamba yeye ni Mtanzania, Mha wa Manyovu. Kule mpakani ulimi hauna kituo cha forodha, ndiyo maana salamu yake ina r. Amefanya biashara ya tangawizi huku na huku maisha yake yote. Mke wake ni Mrundi, na yule bibi ni mama mkwe wake, mkimbizi anayeishi kambi ya Kibondo, aliyepewa kibali cha kuja kutazamwa jicho.

Hapo nikaelewa kwa nini alisema na ukuta. Hakuwa anaficha uso wake kwa watu. Kwa heshima, mkwe hamkodolei macho mama mkwe. Hata mimi nimewaona baba zangu wakifanya hivyo maisha yangu yote, lakini kwa sababu nilikuwa namshuku, heshima ileile niliiona ni hila.

"Sasa Kiingereza changu kinakuhusu nini?" nilimuuliza.

Alisogeza kikombe pembeni. "Mama alihojiwa kambini. Alimweleza afisa hivi: ndugu za marehemu mume wangu wanataka nirudi. Wananitaka kwa ajili ya shamba. Naogopa. Si salama kwangu kukaa nao. Ndivyo alivyosema, nimemuuliza mara nyingi, habadilishi. Baada ya muda akaitwa na afisa mwingine, anayejua Kiswahili kidogo. Akamwambia: mama, tumesikia, familia yako wanataka kurudi kwao, na wewe unaona hapa kambini si salama kukaa. Unachoogopa ni safari tu. Tutakusaidia na safari, ni lini ungependa kwenda?"

Upande wa pili wa barabara, bibi alikuwa akirekebisha bandeji yake.

"Aliyetafsiri siku ile ni yule mwanafunzi wako wa mbele. Mashemeji wana fedha, Mwalimu. Wamemnunua. Mama anaitwa tena mwezi ujao, na nimeomba niwemo chumbani, wamekubali. Kirundi nitakisikia. Sasa nataka niyasikie maneno yake yakitoka upande wa pili. Sihitaji Kiingereza cha kuombea kazi. Nahitaji kile cha kumkamatia mwizi."

Kichwani nilikuwa nayarudisha yale maneno kwenye Kiingereza. "They want me to go back." Ondoa "me". "They want to go back." Wanataka kurudi wao. "It is not safe for me to stay with them." Ondoa "for me", ondoa "with them". "It is not safe to stay." Si salama kukaa. Kukaa wapi? Mzungu aliyeketi kambini angefikiri wapi, kama si hapo alipoketi? Sentensi zote mbili zilibaki zimesimama wima, hazina hata mchubuko, na bibi alikuwa ametoweka ndani yake.

Nilikumbuka yule baba wa darasani aliyetaka kuoa, na kicheko chetu.

"Huenda hakununuliwa," nilisema. "Huenda hajui."

Mtu yule alinitazama kwa namna ambayo hakuwa amenitazama kabla. "Ni mwanafunzi wako," alisema. "Lazima umtetee." Akasimama, akalipia chai, akaenda kwa mama mkwe wake. Kuanzia dakika ile na mimi niliingia katika orodha ya watu asiowaamini.

Jumamosi iliyofuata nilifundisha kama kawaida. Sikutaka kumwambia mkalimani chochote kabla, maana nilitaka kusikia mwenyewe. Naye mtu wa mlangoni alikuwapo, mikono imefumbatwa. Nilimgeukia dada yule nikamwambia kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza, "Tafsiri bila kupumzika. Wajomba zangu wanataka nihame. Si salama kwangu kukaa nao."

"My uncles want to move," alisema, mbio kama kawaida yake. "It is not safe to stay."

Stuli ya mlangoni ilianguka. Mtu yule alikuwa tayari katikati ya chumba.

"Subiri," nilimwambia. Kisha nikamuuliza mkalimani, "Nani anahama?"

"Mimi ninayesema."

"Kwa Kiingereza chako, nani anahama?"

Nilimwona akiirudia sentensi ndani kwa ndani, neno kwa neno, safari hii polepole. "Wajomba," alisema.

"Na wapi si salama?"

"Kwa wajomba." Akasita. "Hapana. Sikusema kwa wajomba. Nimesema... si salama kukaa. Hapa."

Uso wa mwenye duka ulitokea dirishani. Mkalimani aliinua macho akamtazama mtu aliyesimama mbele yake.

"Baba, wewe ni nani wake?"

Hakuna aliyekuwa amemtaja bibi, lakini yeye alisema "wake" kama anayemjua. Mimi nililisikia hilo, na najua na yeye mtu yule alilisikia.

"Ni mkwe wake," alisema. "Bibi wa jicho."

"Namkumbuka. Alikuwa ameshika kitenge hivi." Akashika chake kifuani. "Alisema mengi kwa mara moja, na afisa alikuwa anaandika tu, haniangalii."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Mashemeji zake walikupa nini?"

"Hawajanipa kitu! Siwajui!" Alisimama, machozi yanamtoka, lakini sauti yake ilikuwa ya hasira. "Unaniwinda kwenye geti, unaniwinda darasani, ungeniuliza! Siku ya kwanza ungeniuliza!"

"Ningekuuliza ungenijibu nini?"

Wanafunzi wengine walianza kukusanya vitu vyao, wakitafuta njia ya kupita bila kumgusa yeyote kati yao wawili. Mwenye duka akasema kutoka dirishani, "Jamani, mnitokee na ugomvi wenu, wateja wanasikia." Lakini hakuondoka pale alipokuwa.

Mkalimani alifuta uso. "Jumatatu nitakwenda kwa afisa," alisema. "Nitamwambia nimekosea, na nitamwambia mama alisema nini hasa."

"Utasema au hutasema, mimi nitakuwamo chumbani," alijibu yule mtu, akainua stuli, akaiweka sawa, akatoka.

Mkalimani alikwenda kweli. Nayajua hayo kutoka kwao wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na kwa hilo simulizi zao zililingana. Alimwambia afisa kwamba tafsiri yake haikuwa sahihi. Afisa alimsikiliza, akamshukuru, na akamwondoa kwenye mahojiano, akapelekwa kwenye zahanati ya kambi kuwatafsiria wagonjwa. Bibi aliitwa upya na mkalimani mwingine. Mkwe wake aliketi pembeni ya chumba, na safari hii alilazimika kumtazama mama mkwe usoni, maana viti vilipangwa hivyo.

"Sikuelewa karibu kitu chochote," aliniambia baadaye. "Kiingereza kilipita kama maji ya mfereji. Lakini nilikuwa nayasubiri maneno yangu, na yakaja. Wanataka 'her', halafu 'to'. Nikamsikia mama yupo katikati. Halafu 'for her'. Halafu 'with them'. Jasho lilinitoka."

Bibi alibaki. Hakuna aliyemuuliza tena angependa kuondoka lini, na jicho lake lilipona kiasi cha kumwezesha kuchambua maharage mwenyewe. Mkwe alikuja darasani mara moja tu baada ya hapo. Aliniletea kikapu cha tangawizi, akamsalimia kila mmoja kwa mkono, hata mwenye duka, aliyemjibu "mwidiwe" kwa kuikandamiza ile d. Alipofika kwa mkalimani aliuzungusha mkono wake kwa mtu aliyefuata. Nilimsindikiza nje nikamwambia, "Amekwenda mwenyewe kusema. Mtu aliyenunuliwa haendi."

"Mtu aliyeshikwa ndiye anayekwenda, Mwalimu," alisema. "Wewe ulimshika kabla yangu. Nakushukuru." Akawasha pikipiki.

Mkalimani hakuacha kuja. Alijifunza kwa bidii ya kutisha, akawa kila sentensi anaivunja vipande, nani anataka, nani anafanya, kwa ajili ya nani, pamoja na nani, hata pale nilipotaka aharakishe. Zahanati wanamsifu. Nampenda, na naamini alivyosema.

Lakini si muda mrefu uliopita nilifika mapema nikamkuta amesimama uani, nyuma ya duka, akiongea na simu kwa Kiingereza. Hakuniona. Alikuwa anamweleza mtu fulani kuhusu mtu mwingine, mbio, kwa ile kasi yake ya zamani ambayo darasani alikuwa ameiacha. "He wants me to call him," alisema, "but it is not good for me to call him from here." Kila neno lilikuwa mahali pake. Hakusita hata kidogo. Nilisimama na funguo mkononi nikajiuliza kama mtu aliyejifunza jambo mwaka huu anaweza kulisema hivyo, kwa haraka hivyo, akiwa hafikiri, au kama alikuwa akilijua tangu zamani.

Alipokata simu akaniona.

"Mwalimu! Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi. Kiingereza chako kimekuwa kizuri."

"Si umenifundisha wewe?" alisema, akacheka, akanipokea begi la vitabu.

Nilifungua stoo. Nilitaka kumuuliza anayetaka apigiwe simu ni nani, na kwa nini si vizuri kumpigia kutoka hapa. Wanafunzi wakaanza kuingia. Nilichukua chaki nikaandika tarehe, na yeye akaketi mbele, mahali pake, akafungua daftari akaningoja nianze.